Alfred Russel Wallace: aliyefika pamoja na Darwin, kisha wakaachana njiani

Kila tunapogusia asili ya viumbe katika vipindi vyetu, swali linalorudi ni lile lile: je, viumbe vimebadilika kwa bahati nasibu tu, au kuna mkono unaoongoza? Na jina linalotajwa huwa ni moja, Charles Darwin. Leo tunawaletea mtu wa pili, ambaye aliifikia nadharia ile ile kwa njia yake mwenyewe, akiwa anaumwa homa kisiwani, maelfu ya kilomita kutoka kwao. Anaitwa Alfred Russel Wallace.

Tumemchagua kwa sababu swali hilo hakulijibu mara moja akapumzika. Alilijibu kwa namna moja akiwa na umri wa miaka 35. Alipofika miaka 46 akalijibu kwa namna nyingine kuhusu binadamu, tena hadharani, akijua wazi kwamba jibu hilo lingemuumiza mtu aliyemheshimu kuliko wote.

Mtoto wa nyumba iliyoishiwa

Wallace alizaliwa tarehe 8 Januari 1823 karibu na mji mdogo wa Usk, huko Wales. Baba yake alisomea sheria lakini hakuifanya kazi hiyo, na mali kidogo aliyokuwa nayo ilipotea katika shughuli zisizozaa matunda. Familia ilihamahama, kila nyumba ikiwa ndogo kuliko ile ya kabla yake. Alfred alipofika miaka 14 hivi, shule ikawa mwisho. Chuo kikuu hakukiona kabisa.

Alipelekwa London kwa kaka yake John, aliyekuwa akijifunza ufundi wa ujenzi. Jioni alikwenda kusikiliza mihadhara iliyokuwa ikitolewa kwa wafanyakazi. Baadaye akajiunga na kaka yake mwingine, William, aliyekuwa mpima ardhi. Kazi hiyo ilimtembeza milimani na mashambani mwaka baada ya mwaka, na huko akaanza kuitazama mimea na kuyajua majina yake.

Mwaka 1844 alipata kazi ya ualimu katika mji wa Leicester. Katika maktaba ya mji alisoma kitabu cha Thomas Malthus, mchumi aliyeeleza kwamba watu huzaana haraka kuliko chakula kinavyoongezeka, na kwamba njaa, maradhi na vita ndivyo vinavyowapunguza. Hukohuko alikutana na kijana aliyeitwa Henry Walter Bates, mpenzi wa mbawakavu. Wallace alishangaa kuona kwamba katika eneo dogo tu la Uingereza kuna mamia ya aina za wadudu hao. Swali likamkaa kichwani: aina zote hizi zimetoka wapi?

Msituni Brazil, na moto baharini

Mwaka 1848 Wallace na Bates walipanda meli kwenda Brazil. Hawakuwa na mfadhili. Mpango wao ulikuwa kukusanya ndege, wadudu na wanyama, kuvituma kwa wakala London, na kuviuza kwa makumbusho na matajiri waliopenda kuvihifadhi. Kwa maneno mengine, Wallace alikuwa anafanya sayansi huku akitafuta riziki, siku kwa siku.

Alikaa huko miaka 4. Mdogo wake, Herbert, alimfuata kumsaidia, lakini mwaka 1851 kijana huyo alifariki kwa homa ya manjano. Mwaka uliofuata Wallace mwenyewe, akiwa amedhoofika, aliamua kurudi nyumbani na mkusanyiko wake bora kabisa. Mwezi Agosti 1852, meli yao ikiwa katikati ya bahari ya Atlantiki, ilishika moto. Wallace aliokoa michoro na daftari chache. Vingine vyote aliviona vikiteketea. Abiria na mabaharia walikaa siku 10 ndani ya mashua, jua likiwaunguza, mpaka meli nyingine ilipopita na kuwaokoa. Bahati yake ilikuwa moja: wakala wake alikuwa amekata bima ya pauni 200. La sivyo angefika London akiwa hana hata nguo.

Mtu mwingine angeacha. Yeye, mwaka 1854, alisafiri tena.

Visiwa vya karafuu

Safari hii alielekea mashariki, kwenye visiwa ambavyo leo vimegawanyika baina ya Malaysia, Singapore na Indonesia. Alikaa miaka 8, akasafiri kilomita zipatazo 22,000, na kukusanya zaidi ya vielelezo 125,000 vya wanyama, wengi wao wakiwa mbawakavu. Hakufanya kazi hiyo peke yake. Kijana wa Sarawak aliyeitwa Ali alimpikia, akamwinda ndege, akawachuna na kuwahifadhi, na kumuuguza alipougua. Mafanikio mengi ya Wallace yana jasho la Ali ndani yake.

Huko aligundua jambo la ajabu. Visiwa vya Bali na Lombok vinatazamana, umbali wa kilomita 35 hivi tu, na hali ya hewa yao inafanana. Hata hivyo wanyama wake hawafanani. Bali ina ndege na wanyama wa upande wa Asia. Lombok inaanza kuwa na ndege wa upande wa Australia, kama kakatua wale weupe wenye vishungi. Leo mpaka huo unaitwa Mstari wa Wallace. Kama kila kiumbe kingewekwa mahali pake kwa kufaa hali ya hewa tu, tofauti hiyo isingekuwa na maana. Lakini kama viumbe hutokana na viumbe vilivyotangulia, na bahari yenye kina iliwatenganisha mababu zao kwa muda mrefu mno, basi jambo linaeleweka.

Mwezi Februari 1858, akiwa katika eneo la Ternate, alishikwa na homa ya vipindi. Wasomaji wetu wa Unguja na Pemba wana sababu ya kulikumbuka jina la Ternate: visiwa vile vya Maluku ndivyo asili ya mkarafuu, kabla haujaletwa kwetu katika karne ya 19. Amelala huku akitetemeka na kutoka jasho, Wallace alimkumbuka Malthus. Kama wanyama nao huzaana kuliko chakula kinavyotosha, basi wengi hufa kila mwaka. Wanaobaki ni akina nani? Ni wale waliozaliwa na tofauti ndogo inayowasaidia: mbio zaidi, macho makali zaidi, kinga bora dhidi ya maradhi. Hao ndio wanaozaa, na watoto wao hurithi tofauti hiyo. Vizazi vikipita, aina nzima hubadilika.

Homa ilipompungua aliandika insha kwa muda wa jioni chache, akaituma kwa mtu aliyedhani angeielewa: Charles Darwin. Hakujua kwamba Darwin alikuwa ameishikilia fikra hiyo hiyo kwa miaka 20 bila kuichapisha.

Siku waliyokosekana wote wawili

Barua ilipomfikia mwezi Juni 1858, Darwin alishtuka. Marafiki zake, Charles Lyell na Joseph Hooker, walitafuta njia ya haki: maandishi ya wote wawili yasomwe pamoja mbele ya Jumuiya ya Linnean mjini London. Yalisomwa tarehe 1 Julai 1858. Darwin hakuwapo, kwani siku 3 kabla alikuwa amefiwa na mtoto wake mdogo wa mwaka mmoja na nusu. Wallace naye alikuwa visiwani, hana habari. Hakuombwa ruhusa, kwa kuwa barua zilichukua miezi. Alipopata habari hakulalamika, alifurahi. Mwaka 1859 Darwin akatoa kitabu chake kikubwa, na tangu hapo jina lake likasonga mbele.

Je, bahati iko wapi hapa?

Kabla hatujaendelea, tuliweke sawa jambo ambalo huwachanganya wengi. Watu husikia kwamba mageuko ya viumbe ni bahati tupu, kama mtu aliyetupa matofali hewani yakaangukia kuwa nyumba. Sivyo Wallace na Darwin walivyosema.

Tuchukue mfano wa kwetu. Ugonjwa wa selimundu hutokana na badiliko dogo katika jeni la damu. Badiliko hilo lilitokea lenyewe, si kwa sababu mwili uliona malaria inakuja ukajitayarisha. Hapo ndipo penye bahati. Lakini mtu aliyerithi badiliko hilo kutoka kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Mtafiti Anthony Allison, aliyekulia Kenya, aliona kwamba watu wenye badiliko hilo ni wengi zaidi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, kwenye mbu wengi, kuliko nyanda za juu zenye baridi. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba malaria ndiyo sababu. Hapo bahati imekwisha. Mazingira yamefanya kazi ya chekecheke: mchanganyiko umemwagwa ovyo, lakini kinachopita na kinachobaki hakipangwi ovyo.

Na mfano huo huo unaonyesha kwa nini swali la kusudi linauma. Mtoto anayerithi badiliko hilo kutoka kwa baba na mama anaugua, na wazazi wengi katika eneo letu wanajua maana ya usiku wa maumivu yale. Kinga ya mmoja inalipwa na mateso ya mwingine. Kama kuna anayeongoza, kwa nini aongoze hivi? Kama hakuna, je, sisi ni nini? Watu wa zama za Wallace hawakuijua jeni, lakini swali walilijua vizuri.

Kwanza alisimama upande wa Darwin

Wallace alirudi Uingereza mwaka 1862. Miaka mitano baadaye, kabaila mmoja wa Scotland, Duke wa Argyll, aliandika kwamba uzuri na ufundi unaoonekana katika viumbe ni alama ya akili iliyovikusudia. Mojawapo ya mifano iliyobishaniwa ilikuwa ua la okidi la Madagaska, kisiwa ambacho wazee wetu walikiita Bukini. Ua hilo huweka maji yake matamu mwisho wa mrija wenye urefu wa karibu sentimita 30. Darwin alikuwa amebashiri kwamba lazima kuna nondo mwenye ulimi wa kufika huko.

Wallace alimjibu Duke mwaka 1867. Alisema hakuna haja ya mkono wa pekee. Ua lenye mrija mrefu kidogo humlazimisha nondo kuingia ndani zaidi na kubeba chavua vizuri zaidi. Nondo mwenye ulimi mrefu kidogo hupata chakula zaidi. Kila mmoja anamvuta mwenzake, kizazi baada ya kizazi, mpaka vyote viwili vinakuwa virefu mno. Akawahimiza wasafiri wamtafute nondo huyo Madagaska. Mwaka 1903, Wallace akiwa bado hai, wataalamu walimtangaza nondo wa namna hiyo kutoka kisiwa hicho.

Huyu ndiye Wallace waliyemjua wenzake: mtetezi mkali wa uteuzi wa asili, pengine mkali kuliko Darwin mwenyewe.

Mwaka 1869: ubongo uliozidi mahitaji

Kwa hiyo mtu anaweza kuelewa mshtuko uliotokea mwezi Aprili 1869. Katika makala ya kuhakiki vitabu vya Lyell, Wallace aliandika kwamba uteuzi wa asili hauwezi kueleza akili ya binadamu. Hoja yake ilikuwa hivi. Uteuzi wa asili hutoa kile tu kinachomsaidia kiumbe leo. Hauwezi kuweka akiba kwa ajili ya kesho. Lakini mtu anayeishi msituni, asiyehitaji hisabati ya juu wala muziki wa vyombo vingi, ana ubongo unaokaribiana na wa profesa wa Ulaya. Mtoto wake akipelekwa shule ataweza yote hayo. Basi ubongo huo uliandaliwa kabla ya kuhitajika, na aliyeuandaa, alisema Wallace, ni akili iliyo juu yetu. Kama vile mkulima anavyochagua mbegu kwa kusudi lake, ndivyo nguvu hiyo ilivyoelekeza mageuko ya mwanadamu.

Tukumbuke hoja hii ilitoka wapi. Wallace alikuwa ameishi miaka 12 katika vijiji vya Amazon na visiwa vya mashariki, akila na kulala nyumbani mwa wenyeji. Ingawa alitumia maneno ya dharau ya wakati wake, alikataa kuamini kwamba watu wale wamezaliwa na akili ndogo, wakati wasomi wengi wa Ulaya walikuwa wakilisema hilo bila haya. Tangu mwaka 1865 pia alikuwa akihudhuria vikao vya watu wanaodai kuzungumza na roho za wafu, na akaamini. Wapinzani wake walisema vikao hivyo ndivyo vilivyompoteza. Yeye alisema alifuata ushahidi.

Darwin alipojua mapema kwamba rafiki yake ana jambo jipya la kusema kuhusu binadamu, alimwandikia akitumaini kwamba hajamuua kabisa mtoto wao wa pamoja, yaani nadharia yao. Alipoisoma makala, pembeni mwa hoja hiyo aliandika neno la kukataa na kulipigia mistari. Mwaka 1871 akatoa kitabu chake kuhusu asili ya mwanadamu, akieleza kwamba akili na maadili yetu nayo yalikua hatua kwa hatua kutoka kwa wanyama.

Udhaifu wa hoja, na mifupa ya Olduvai

Sisi tunaona kwamba Wallace alikosea mahali ambapo yeye hasa hakupaswa kukosea. Maisha ya msituni si mepesi kwa akili. Anayefuata nyayo za mnyama husoma dalili, hukumbuka, hukisia na kubahatisha njia. Anayejua mamia ya mimea, ipi dawa na ipi sumu, ana maktaba kichwani. Na kuishi na watu, kupatana nao, kudanganywa na kutodanganywa, kuoana na kulea, kunahitaji lugha na fikra za kina. Ubongo uliokua kwa kazi hizo unaweza baadaye kugeukia hisabati, kama vile mkono ulioshika jiwe unavyoweza kushika kalamu. Ali alikuwa ushahidi tosha mbele ya macho ya Wallace.

Ardhi ya Tanzania nayo imetoa neno lake. Mwaka 1959, huko Olduvai, Mary Leakey alipata fuvu la kiumbe aliyepewa jina Zinjanthropus, ambaye ubongo wake ulikuwa zaidi kidogo ya theluthi moja ya wetu. Mwaka 1978, huko Laetoli, zikachimbuliwa nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili miaka ipatayo milioni 3.6 iliyopita. Miguu ilitangulia, ubongo mkubwa ulifuata taratibu, kwa muda mrefu mno. Haukushushwa siku moja ukiwa tayari.

Je, hilo limefunga mjadala? Limefunga sehemu moja. Limeonyesha kwamba njia ya kufika kwetu ilikuwa na hatua, na kwamba hatua hizo zinachunguzika. Kama nyuma ya kanuni zenyewe kuna kusudi, mifupa haiwezi kusema ndiyo wala hapana. Wako waumini wanaoyakubali mageuko na kuona ndani yake kazi ya Mungu, na wako wanaoyakubali na kutoona kitu kingine. Kosa la Wallace halikuwa kuamini kusudi. Lilikuwa kuliweka kusudi mahali ambapo maelezo ya kawaida yalikuwa hayajatafutwa vya kutosha.

Walitofautiana, hawakutupana

Maisha ya Wallace hayakuwa ya raha. Hakuwahi kupata ajira ya kudumu. Mwaka 1870 aliingia katika dau la pauni 500 na mtu aliyeamini kwamba dunia ni bapa. Alishinda kwa vipimo vyake vya upimaji ardhi, lakini mtu yule akamsumbua kwa matusi na kesi kwa miaka mingi. Mwaka 1874 alimpoteza mwanawe wa kwanza. Alipinga chanjo ya ndui, jambo ambalo leo tunajua alikosea, na alitetea ardhi kuwa mali ya taifa zima. Kila mara alisimama upande ambao haukumletea fedha.

Na ni nani aliyehangaika ili apate kuishi? Ni Darwin. Pamoja na marafiki zake aliandika barua, akakusanya sahihi, akamfikia waziri mkuu Gladstone, na mwaka 1881 Wallace akapewa pensheni ya serikali ya pauni 200 kwa mwaka. Darwin alijua kwamba mtu huyo amekataa sehemu muhimu ya kazi yake, tena hadharani. Hakuiona hiyo kuwa sababu ya kumwacha na njaa. Mwaka uliofuata Darwin alipofariki, Wallace alikuwa miongoni mwa waliolibeba jeneza lake katika kanisa la Westminster Abbey.

Wallace naye hakulidai jina. Mwaka 1889 alipotoa kitabu cha kueleza nadharia nzima, alikiita kwa jina la mwenzake: Darwinism. Katika sura yake ya mwisho alirudia msimamo wake kuhusu akili ya binadamu, na mwaka 1910, akiwa na miaka 87, aliandika kitabu kingine akiliona kusudi katika uhai wote. Alifariki tarehe 7 Novemba 1913 huko Broadstone, kusini mwa Uingereza, akiwa na miaka 90. Juu ya kaburi lake limesimamishwa gogo la mti uliogeuka jiwe. Miaka miwili baadaye sura yake iliyochongwa kwenye marumaru iliwekwa Westminster Abbey, karibu na alipolala Darwin.

Swali letu la mwanzo bado mnalo, wasomaji wetu, na hatutarajii wote mlijibu sawasawa. Tunachoomba ni kwamba, mkibishana juu yake nyumbani, shuleni au barazani, mkumbuke kwamba wawili hawa walibishana juu yake kwa zaidi ya miaka 10, hakuna aliyemshawishi mwenzake, na bado mmoja alimtafutia mwenzake riziki, na mwingine akambeba mwenzake hadi kaburini.